Spika Yako Haijafa, Betri Ndio Imechoka: Tuache Kuchekana Kwa Vitu Vya Zamani

Wiki kadhaa nyuma kuna klipu moja ilizunguka sana mitandaoni, naamini wengi mmeiona. Staa mmoja wa hapa hapa Bongo, jina nalihifadhi maana sitaki vita na mashabiki zake, kajirekodi yuko pembeni ya bwawa la kuogelea. Kashika spika yake ya zamani ya Bluetooth, anaigeuza geuza mbele ya kamera, halafu paa, anaitupa kwenye maji. Watu nyuma wanacheka. Kisha anafungua boksi la spika mpya, muziki unalia, klipu imeisha.

Sasa mtu kununua kitu kipya mimi sina tatizo nako. Hela ni yake, bwawa ni lake. Kilichonikaa kichwani ni yale yaliyoendelea kwetu huku kitaa baada ya ile klipu. Ghafla kila mwenye spika ya miaka minne mitano akawa wa kuchekwa. Ukitoa spika yako ufukweni Coco, mtu anakuuliza kama bwawa liko wapi uitupe. Ikawa ndio utani wa mjini.

Na leo nakiri mbele yenu, na mimi nilicheka. Nilimcheka mtu wangu wa karibu kabisa, na kilichompata ndio kimenifanya niandike hii.

Nina mshkaji wangu kinyozi, ana kibanda chake Tandika. Pale kwake spika ni kama kiyoyozi, bila muziki wateja hawakai. Alikuwa na spika yake ya siku nyingi, ile ya duara ndefu, kava lake limepauka. Mlio bado mzuri, ila chaji ilikuwa inakaa dakika arobaini tu, halafu inazima katikati ya wimbo. Kila ikizima watu wanaangua kicheko, "peleka bwawani hiyo!" Siku moja nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu, na mimi nikatupia la kwangu. Jamaa akacheka na sisi, akaendelea kunyoa.

Kumbe hakuwa anacheka. Wiki iliyofuata nakuta spika mpya, laki nne na nusu. Nikampongeza kabisa. Baadaye ndio ananiambia taratibu: laki moja na nusu ilikuwa akiba yake, laki tatu kakopa. Na kakopa wapi? Ile mikopo yetu ya kitaa, kausha damu. Rejesho elfu kumi na tatu kila siku kwa siku thelathini, ukipiga hesabu ni 390,000. Kichwa pale kwake ananyoa elfu tatu. Maana yake kila asubuhi vichwa vinne vya kwanza havitoshi rejesho, mpaka afike cha tano ndio aanze kugusa hela yake mwenyewe. Na kuna siku za mvua hapati hata vitano.

Nikamuuliza, "Ile ya zamani iko wapi?" Akaniambia iko chini ya meza, nichukue kama naitaka.

Nikaichukua. Kitaa kwetu kuna fundi mmoja mtu mzima, sisi tunamwita Mjomba, ana kimeza chake na taa ya kumulikia. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, umeleta nini?" Nikampa. Akaichomeka kwenye chaji, akaisikiliza kama daktari, akafungua skrubu nne. Hakuchukua hata dakika tano. Akaniambia, "Kijana, hii haijafa. Moyo ndio umechoka, mwili mzima bado."

Betri ndani zilikuwa mbili, zile za duara kama betri ya tochi iliyonenepa. Betri mbili mpya elfu sita sita, jumla kumi na mbili. Ufundi elfu kumi. Elfu ishirini na mbili tu! Haifiki hata rejesho la siku mbili la mshkaji. Jioni ile spika ililia masaa matano bila kuzima, nikiwa nimekaa nayo kibarazani najisikia mjinga.

Sasa wadau, huo ndio ukweli ambao hakuna staa atakuonyesha. Spika, mashine ya kunyolea, tochi, simu, chochote kinachotumia chaji, mara nyingi hakifi chote kwa pamoja. Kinachokufa kwanza ni betri. Hizi betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991 na Sony, na waliozigundua walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Sio kitu cha ajabu, ila zina umri. Kwa kawaida ukishaichaji kutoka sifuri mpaka kujaa mara 300 hadi 500, uwezo wake unashuka kufika kama asilimia 80, na unaendelea kushuka. Kwa hiyo spika yako ya miaka mitano kukaa na chaji dakika arobaini sio aibu wala sio mkosi. Ni sawa na tairi la bodaboda kuisha. Nani anatupa pikipiki kwa sababu ya tairi?

Nilimganda Mjomba siku ile mpaka akanichoka, nikachukua haya ya kuwaletea.

Kwanza, joto ndio muuaji namba moja. Ukiiacha spika juani juu ya bati la kibanda, au mbele ya kioo cha gari mchana wa Dar, unaikaanga betri. Itafute kivuli. Na usiichaji ikiwa imefunikwa na nguo au mto.

Pili, usisubiri izime kabisa ndio uchaji, kila siku. Ikifika asilimia ishirini hivi, ichomeke. Na kama unasafiri utaiacha miezi miwili, usiiache tupu wala usiijaze. Iache ikiwa nusu. Betri ikikaa tupu muda mrefu inaweza isiamke tena, na hapo ndipo wengi wanapotupa wakidhani spika nzima imekufa.

Tatu, kabla hujampelekea fundi, angalia tundu la chaji. Mengi yanayoitwa "haishiki chaji" ni vumbi na mabaki ya pamba ya mfukoni yaliyoshindiliwa mle ndani. Izime, chukua kijiti cha mti cha kuchokonolea meno, toa taratibu. Usiingize sindano, utapiga shoti. Jaribu na waya mwingine pia. Nawajua watu wamebadilisha spika kumbe waya wa elfu mbili ndio mbovu.

Nne, wale wa Coco na Kigamboni. Kusema spika haiingii maji haina maana itaishi na chumvi. Ile mipira inayoziba matundu inazeeka, inakakamaa, inaanza kupitisha. Ukitoka baharini ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kifuniko kikiwa kimefungwa, ikauke kabisa ndio uchaji. Ukichomeka chaji tundu likiwa na maji ya chumvi, unaliozesha mwenyewe.

Tano, ukifika kwenye kubadili betri, usipigwe. Nyingi za hizi spika zinatumia betri inayoitwa 18650. Hiyo namba ni vipimo tu, upana milimita 18 na urefu 65. Ukienda Kariakoo utakutana na zingine zimeandikwa 9,900 mAh, tena bei chee. Hizo ni uongo wa mchana kweupe. Ya saizi ile yenye ukweli huwa inacheza kwenye 2,000 mpaka 3,500 hivi. Kubwa sana kwenye maandishi, nyepesi sana mkononi, achana nayo. Na kama ndani zipo mbili, badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Ukichanganya nzee na mpya, ile nzee inaivuta mpya nayo ichoke. Pia mwambie fundi asitoe ile sahani ndogo ya ulinzi inayozuia betri kujaa kupita kiasi. Kuna mafundi wanairuka ili wamalize haraka, na hapo ndipo unapolala na bomu chumbani.

Na hapa sitaki utani: ukiona betri imevimba, spika imetuna au inanuka kama kemikali tamu, acha kuichaji saa hiyo hiyo. Usiitoboe, usiibonyeze. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, mpelekee mtu anayejua. Kutunza kitu cha zamani sio kung'ang'ania kitu cha hatari.

Najua kuna mtu atakuja kusema, "Wewe unatetea umaskini." Hapana mkuu. Umoja wa Ulaya, ambao hela sio shida yao kama sisi, mwaka 2023 walipitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya kubebeka lazima mnunuzi mwenyewe aweze kuzitoa na kuzibadilisha. Yaani wenye hela zao wameona ni ujinga kutupa mwili mzima kwa sababu ya moyo. Sisi huku ambao tuna mafundi kila kona, tena mafundi wenye mikono ya dhahabu, ndio tunachekana.

Mwingine atasema spika za sasa zina mlio mkubwa zaidi na mambo mengi. Kweli, zipo nzuri sana. Kama una hela yako, haidaiwi na mtu, nunua, tena utualike. Hoja yangu sio kwamba kipya ni kibaya. Hoja yangu ni kwamba kununua kipya kwa sababu ya kuogopa kicheko ni kuchangia kicheko chenyewe, na unachangia kwa riba.

Sasa tumrudie staa wetu. Mwezi huo huo nilipata nafasi ya kuingia nyuma ya jukwaa kwenye shoo moja aliyokuwa anapiga. DJ wake, yule anayemfanya aonekane mkubwa, alikuwa anatumia hedifoni zimezungushiwa gundi ya karatasi nyeusi pande zote mbili, sponji za masikioni zimebadilishwa rangi tofauti. Nikamuuliza mbona hazibadilishi. Akanijibu anazo miaka mingi, ameshabadilisha waya mara tatu, na anazijua kama sauti ya mama yake. Na staa alikuwa amekaa pembeni hapo hapo, hakucheka. Kwenye kazi inayomlisha, cha zamani kinachofanya kazi anakiheshimu. Bwawani ni kwa ajili yetu sisi wa simu.

Na ile spika mpya? Kuna mtu wa karibu kaninong'oneza kwamba alipewa, hakununua. Sina karatasi ya kuthibitisha kwa hiyo siwezi kuapa. Ila jiulize tu mwenyewe, mtu anayetupa kitu kwenye maji mbele ya kamera na kufungua kingine dakika hiyo hiyo, anaburudika au yuko kazini? Kama yuko kazini, basi kinyozi wa Tandika ndiye aliyelipia kazi hiyo, elfu kumi na tatu kila siku.

Nilimrudishia mshkaji spika yake. Nikaiweka juu ya meza, nikaiwasha, nikamwambia samahani kwa siku ile. Hakusema kitu. Aliishika akaipima uzito, akaniuliza ni shilingi ngapi. Nilipomwambia ishirini na mbili alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha.

Sasa hivi kibandani inalia ile ya zamani. Ile mpya ameitangaza kuiuza, aliyefika bei ya juu kasema laki mbili na themanini, na haina hata miezi miwili. Anafikiria. Rejesho halifikirii, lenyewe linakuja kila jioni na pikipiki.

Kwa hiyo wadau, nenda kaangalie chini ya kitanda na juu ya kabati. Ile spika, ile tochi, ile mashine uliyosema imekufa, mpelekee fundi wa mtaani kwako kabla hujamfuata mkopeshaji. Na ukimwona mtu ufukweni na spika iliyopauka, sogea usikilize muziki.

Wewe una kitu gani cha siku nyingi ambacho bado kinapiga kazi? Na ulishawahi kukopa ili usichekwe? Tupia hapo chini, leo hatuchekani.