Mbwa Hana Wizara: Tiba ya Dharura ya Wanyama na Hadaa ya "Manufaa Binafsi"

Kila inapotajwa tiba ya dharura ya wanyama wanaofugwa majumbani, jibu huwa limekwisha kuandaliwa: binadamu wenyewe wanalala wawili kitanda kimoja, na wewe unataka mbwa ahudumiwe usiku wa manane? Hoja hii hutolewa kwa kicheko, na kicheko hicho huwaunganisha watu wasiokubaliana katika jambo jingine lolote. Mtumishi wa wizara hucheka. Mwanaharakati wa haki za ardhi hucheka. Wanafunzi wangu hucheka zaidi ya wote, kwa kuwa wamelelewa kuamini kwamba kumpeleka paka kwa daktari ni uzungu. Nakusudia kuonyesha kwamba kicheko hicho kinawagharimu walewale tunaodai kuwasemea.

Tuanze na lugha, maana lugha imebeba sera. Kwa Kiswahili mtaalamu huyu ni daktari wa mifugo, na wizara yake ni ya Mifugo na Uvuvi. Mfugo ni mnyama anayehesabiwa kwa nyama, maziwa na ngozi. Thamani yake hupimwa mnadani. Paka haendi mnadani. Mbwa wa uswahilini alalaye mlangoni hana bei, basi hana wizara. Dola humkumbuka nyakati mbili tu: siku ya kampeni ya chanjo, na siku gari la matangazo linapopita mtaani likionya kwamba kila mbwa atakayekutwa anazurura atapigwa risasi. (Chanjo huchelewa, risasi sijawahi kusikia zimechelewa.)

Neno "mnyama kipenzi" nalo limezidisha mkanganyiko. Ukilisikia unamwona mbwa wa Masaki, manyoya yameoshwa kwa shampuu, anatembezwa na kijana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini mbwa walio wengi nchini humu ni wafanyakazi. Wanalinda nyumba zisizo na ukuta, wanachunga mbuzi, wanafukuza nyani shambani. Mwenye ukuta, waya wa umeme na mkataba na kampuni ya ulinzi anaweza kuishi bila mbwa. Mama anayelala na wajukuu katika chumba chenye mlango wa bati hawezi. Kwa hiyo swali la nani atamtibu mbwa usiku ni swali la kitabaka, hata kama wanaharakati wetu hawajaliona hivyo.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kusema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na mateso na maradhi. Ni sheria njema. Ila dola iliyomtwisha raia wajibu huo haikumwonyesha mlango wa kubisha saa tano usiku.

Haikuwa lazima iwe hivi. Sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuziacha jamii nzima za wafugaji zikifa njaa, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo iliyofanya kazi kubwa katika ushindi huo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya, katika maabara ya umma, ikasambazwa na watumishi wa umma. Hakuna soko lililomfuata mfugaji porini.

Kisha ukaja mpango wa marekebisho ya kiuchumi. Mwaka 1992 Benki ya Dunia ilichapisha andiko la majadiliano lililochora mstari katikati ya huduma za mifugo. Zile zenye manufaa kwa umma, kama kudhibiti magonjwa ya mlipuko, zibaki kwa serikali. Zile zinazomnufaisha mwenye mnyama peke yake, kama matibabu ya kliniki, ziachiwe sekta binafsi. Mstari huu ulipokewa na serikali zetu, ukaingia katika sera, na leo unasemwa na maofisa wasiojua ulikotoka, kana kwamba ni maumbile. Majosho yakabomoka. Daktari wa serikali akawa mtu wa vibali na takwimu.

Mstari huo ni wa uongo, na nitaeleza kwa tukio la mtaani kwangu.

Bibi mmoja, muuza mandazi, alikuwa na mbwa mmoja. Usiku mmoja, yapata saa tano, mbwa yule alianza kutetemeka, povu likamtoka mdomoni, miguu ikamlegea. Mjukuu wa darasa la pili alipojaribu kumshika, alikwaruzwa mkono kwa jino. Tulipiga simu. Daktari wa kwanza hakupokea. Wa pili, mwenye kliniki binafsi ng'ambo ya jiji, alitaka laki moja na nusu zitangulie kwa simu kabla hajawasha gari. Ofisa mifugo wa kata alipokea kwa heshima zote: "Shikamoo mama," akasema, kisha akaeleza kwamba hana usafiri, hana dawa, na yupo msibani wilaya nyingine. Wakati bibi bado ameshika simu, vijana wa mtaa waliamua kuwa ni kichaa cha mbwa. Walimpiga kwa magongo mpaka akafa, wakamfukia nyuma ya choo.

Sasa turudi kwenye andiko la Benki ya Dunia. Je, mbwa yule alikuwa suala la umma au la binafsi? Dalili zile ni za mnyama aliyelishwa kiuatilifu, mbinu inayojulikana sana kwa wezi wanaotaka nyumba isiwe na mlinzi. Kama ni sumu ya aina hiyo, dawa yake ni atropini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na mbwa angeweza kupona. Lakini dalili zile zaweza pia kuwa za kichaa cha mbwa, ambacho kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mstari wa wachumi unatutaka tujue jibu kabla ya kumwita daktari: kama ni sumu, bibi alipe, kama ni kichaa, serikali ije. Na wa kulijua jibu hilo ni yuleyule daktari ambaye hakuja.

Yaliyofuata yalimwangukia bibi. Mbwa alikwisha kuuawa na kuzikwa, hivyo hakukuwa na mnyama wa kuchunguzwa kwa siku 10 kama taratibu zinavyoelekeza, wala ubongo wa kupelekwa maabara. Ikabidi mtoto achomwe chanjo zote kwa tahadhari, na bibi akazilipia sindano kwa mtaji wa unga na mafuta. Mandazi hayakuonekana kibarazani pale kwa karibu mwezi mzima. Gharama iliyookolewa kwa kutokuwa na daktari wa zamu ililipwa hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Inajulikana pia kuwa kuua mbwa ovyo hakuuzuii ugonjwa huu, bali kuwachanja asilimia 70 ya mbwa huuzuia. Pemba wameonyesha: kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza, ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukashindwa tena. Lakini kugundua kwamba umerudi kunahitaji mtu anayeitwa mnyama mmoja anapougua, naye anakuja. Mfumo unaomtoza maskini ada asiyoiweza unajipofusha wenyewe, maana wanyama wake hawaonekani kwenye daftari lolote mpaka wamekufa.

Asiyeweza kumfikia daktari hakai bure. Huenda duka la pembejeo, hununua oksitetrasaiklini, humchoma mnyama kwa kukisia, kisha tunakutana kwenye makongamano kulalamikia usugu wa dawa. Mwingine humpa paka mwenye homa nusu kidonge cha panadoli, kwa huruma kabisa, bila kujua kwamba kwa paka dawa hiyo ni sumu.

Wapo wenzangu watakaosema soko litakomaa. Subirini tabaka la kati likue, kliniki za saa 24 zitafunguliwa zenyewe. Watazame Uingereza, ambako kanuni za taaluma zinamlazimu daktari wa mifugo achukue hatua kuhakikisha kuna huduma ya kwanza ya dharura na ya kupunguza maumivu saa 24. Mwaka 2013 makampuni makubwa yalimiliki takriban asilimia 10 ya kliniki za wanyama nchini humo. Ndani ya miaka isiyofika kumi sehemu hiyo ilikaribia asilimia 60. Malalamiko ya bei yakawa mengi mpaka Mamlaka ya Ushindani na Masoko ikaanzisha mapitio mwaka 2023, kisha uchunguzi rasmi mwaka 2024. Marekani, kampuni ya Mars, ileile ya chokoleti, inamiliki mtandao wa hospitali za dharura na za kibingwa, na mwaka 2017 iliinunua VCA kwa takriban dola bilioni 9. Huko vifaa vipo, mabingwa wapo, na bado kuna mnyama anayechomwa sindano ya kifo kwa sababu tu mwenyewe hawezi kulipia upasuaji. Soko likikomaa, ndivyo linavyokuwa.

Sisemi haya kuwashambulia madaktari. Yule aliyetaka laki moja na nusu ana pango la kulipa, dawa anazinunua kwa bei ya nje, na amekwisha kudhulumiwa na wateja waliopotea baada ya mnyama kufa. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kinamfundisha kijana udaktari wa mifugo kwa miaka mitano, kisha kijana huyo anaishia kuuza chakula cha kuku, huku kata nzima ikihudumiwa na ofisa mmoja mwenye stashahada na pikipiki isiyo na mafuta. Ofisa huyo anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri, wakati mkuu wa huduma za mifugo nchini yuko wizarani. Amri ya kitaalamu ikitoka juu inakutana na mkurugenzi mwenye vipaumbele vingine. Watumishi wanaonisoma wanaujua mkanganyiko huu kuliko mimi. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza hadharani.

Na tuwaulize. Halmashauri zinakusanya ushuru kwenye minada ya mifugo. Kiasi gani cha fedha hiyo hurudi kuwa dawa? Kwa nini hospitali ya wilaya iwe na orodha ya zamu ya usiku iliyobandikwa ukutani, na ofisi ya mifugo isiwe nayo? Daktari mmoja wa zamu kwa wilaya, namba moja ya simu, pikipiki yenye mafuta, kisanduku chenye atropini, dripu na dawa za maumivu, na ada ambayo muuza mandazi anaweza kuilipa: hicho ndicho kiwango cha anasa ninachokipigania. Vitanda vya wodini havitapungua kwa hilo.

Wanaharakati wanaofuatilia bajeti za halmashauri wafungue kifungu cha mifugo mwaka huu, wasikiruke kama walivyozoea. Na wanafunzi wangu, kabla ya kucheka, waende kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata zao, wamuulize ofisa mifugo namba yake ya usiku ni ipi, na mara ya mwisho alipewa mafuta lini.