Mchezaji wa Ridhaa na Masurufu ya Nyumbani

Kila inapotangazwa kwamba timu ya Zanzibar inasafiri kwenda kushindana nje ya Visiwa, habari hujaa majina ya wachezaji, mazoezi ya kambini, sare mpya na bendera inayokabidhiwa kwa nahodha wa timu. Hayo ni mema na yanastahili. Lakini siku ile ile, katika nyumba za Kwahani na Jang'ombe, za Wete na Makunduchi, kuna suala ambalo halikabidhiwi kwa mtu yeyote, nalo ni hili: wiki tatu hizi ambazo mwenye nyumba hayupo, wanaobaki watakula nini?

Wachezaji wetu walio wengi ni wachezaji wa ridhaa. Neno hilo tumelizoea mno hata hatulipimi tena. Ridhaa maana yake ni kukubali kwa moyo bila ya kulazimishwa na bila ya ujira. Kijana amekubali, naam, na ameitikia mwito wa nchi yake. Ila aliyeridhia ni yeye. Mtoto wa miaka miwili hakuulizwa, wala mama mzee anayetegemea dawa zake kutoka katika mkono wa mwanawe huyo. Sheria ya dini yetu nayo haikumwondolea msafiri wajibu wa kuwalisha mkewe na wanawe kwa kuwa yuko safarini, hata ikiwa safari yenyewe ni ya heri. Kwa hiyo anapopanda ndege kijana wetu hubeba mzigo wa aina mbili, na tunaoushangilia ni mmoja tu.

Watu wa Visiwa hivi si wageni wa kuacha nyumba. Wavuvi wa Kojani huenda dago wakakaa majuma na miezi mbali na wake zao, na jambo hilo lina taratibu zake zilizotangulia kuzaliwa kwa mpira wenyewe. Mtu haondoki hivi hivi. Huacha masurufu, au humwendea mwenye chombo akapata kitu cha kuacha, kisha wakati wa hesabu kikakatwa katika fungu lake. Anayekwenda dago bila ya kuacha kitu nyumbani husemwa kijiji kizima. Iweje basi Taifa limwondoe mtu nyumbani kwa jina lake, kisha lishindwe kufanya lile ambalo mwenye ngalawa hulifanya bila ya kuandikiwa waraka?

Tusidhani kwamba safari hizi ni chache au kwamba hazina tija. Visiwa viliingia katika Kombe la Gossage mwaka 1949, na tangu ilipoanza michuano ya Challenge mwaka 1973 Zanzibar imekuwa ikipeleka timu yake. Mwaka 1995 vijana wetu walilitwaa kombe hilo katika ardhi ya Uganda. Mwaka 2006 walikwenda Hamburg, Ujerumani, katika mashindano ya nchi na maeneo yasiyokuwa wanachama wa FIFA, wakafika fainali na kushindwa na Cyprus ya Kaskazini kwa mikwaju ya penalti. Mwezi wa Juni 2012 walikuwa Erbil, Kurdistan ya Iraq, katika mashindano ya namna hiyo hiyo, wakarudi na nafasi ya tatu. Na mwezi wa Disemba 2017 kule Machakos, Kenya, walisawazisha mara mbili mbele ya wenyeji, ikawa 2-2, kombe likaamuliwa tena kwa penalti na tena likatuponyoka. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, CAF ilikuwa imetupa uanachama kamili, na ilipofika Julai ikatunyang'anya. Vijana waliokwenda Machakos walikwenda na uchungu huo vifuani mwao, na hakuna hata mmoja aliyesema hachezi.

Ni kweli kwamba wachezaji wote hawako katika hali moja. Mchezaji wa KMKM, wa JKU, wa Mafunzo, wa KVZ au wa Zimamoto ni mtumishi wa kikosi. Anaposafiri na timu ya taifa mshahara wake unabaki pale pale, na mwisho wa mwezi nyumba yake inapata chochote. Serikali ya Mapinduzi inastahili sifa kwa hilo, maana bila ya vikosi hivyo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Lakini timu ya taifa haitoki vikosini peke yake. Kuna vijana wa klabu za uraiani, na miongoni mwao wamo vibarua wa ujenzi, madereva wa bodaboda wanaopaswa kupeleka hesabu ya siku kwa mwenye chombo, wafanyakazi wa hoteli za mikataba mifupi, na wavuvi. Mtu wa namna hii akikosekana kazini wiki tatu hapotezi wiki tatu tu. Bodaboda anapewa mwengine. Nafasi ya hotelini nayo hujazwa, hasa msimu wa wageni wa mwisho wa mwaka unapokuwa umewadia.

Na hapo ndipo palipo na uzito. Mara nyingi michuano ya Challenge imechezwa Novemba na Disemba. Hiyo ni miezi ambayo kisiwani Pemba karafuu huweza kuwa mtini, na mchumaji hulipwa kwa pishi: asiyepanda mkarafuu hana pishi. Kwa upande wa Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, mke wa mchezaji ndiye anayeingia majini wakati wa bamvua kufunga na kuvuna mwani, akirudi akute watoto, kuni na maji vinamsubiri. Mumewe akiwapo humsaidia kuanika na kubeba magunia. Asipokuwapo hubeba peke yake, na jioni huombwa na majirani awashe redio ili nao wasikie mpira. Sisi tunasema mwanamke huyo naye yumo katika timu, na jina lake halimo katika orodha yoyote.

Zipo posho, tutaambiwa. Posho zipo, lakini hulipwa kambini, kwa aliye kambini, na si ajabu kuchelewa. (Neno hilo lenyewe hapo zamani lilikuwa ni unga aliopimiwa mpagazi ili aweze kutembea, halikukusudiwa kulisha nyumba aliyoiacha.) Siku hizi simu ya mkononi imerahisisha kutuma fedha, jambo ambalo waliokwenda Hamburg wakitafuta kadi za simu hawakulipata. Hata hivyo simu haitumi kile ambacho mwenye simu hajalipwa. Pia imeleta taabu yake: mchezaji anaambiwa usiku wa kuamkia mchezo kwamba mtoto ana homa na fedha ya hospitali hakuna. Kisha asubuhi tunamlaumu kwa kupoteza mpira.

Mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya timu yetu kupata nafasi ya tatu katika Challenge mjini Kampala, wachezaji waligawana wenyewe fedha ya zawadi, dola 10,000 za Marekani, na timu ikavunjwa. Hatuandiki haya ili kufufua ugomvi. Nidhamu ni nidhamu, na fedha ya timu ina njia zake. Lakini kiongozi mwenye busara anapoona kundi zima la watu waliokuwa watiifu uwanjani linafanya jambo kama hilo, hana budi kuuliza kilichowafikisha huko kabla ya kuuliza adhabu yao.

Wapo watakaosema kwamba kuitwa katika timu ya taifa ni heshima, na mwenye kutaka malipo aende akacheze mpira wa kulipwa. Wengine humtaja Feisal Salum, aliyekuwamo katika kikosi cha 2017, akachukuliwa na Yanga mwaka 2018 na baadaye Azam. Tunamwombea kheri na wengi mfano wake. Lakini katika kikosi kizima wanaofunguliwa milango ya namna hiyo huhesabika kwa vidole, na wengine wote hurudi Malindi bandarini au Uwanja wa Ndege wakapanda daladala kwenda makwao. Na heshima haipikwi.

Mwezi wa Januari 2025 mashindano ya Kombe la Mapinduzi yalichezwa Gombani, Pemba, kwa timu za taifa, na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali. Mchezaji wa Unguja aliyekuwa Gombani alikuwa mwendo wa boti kutoka kwake. Hatudai kwamba ndiyo sababu ya ushindi. Tunasema tu kwamba ilikuwa timu iliyotulia, na kila aliyeitazama aliona hivyo.

Jambo tunalolitaka si kubwa. Baraza la Taifa la Michezo na chombo kinachosimamia mpira wa miguu wapange kwamba nusu ya posho ya safari ilipwe kabla ya timu kuondoka, na ilipwe kwa mtu ambaye mchezaji mwenyewe amemtaja, awe mke, mama au mlezi wa watoto wake. Mwajiri yeyote, wa Serikali au wa hoteli, aandikiwe barua rasmi ya kumwombea mchezaji nafasi yake hadi atakaporudi, na barua hiyo itiwe saini na mkubwa ambaye mwajiri hatathubutu kuidharau. Kila shehia yenye mchezaji aliyesafiri, sheha apewe jina la nyumba hiyo ili penye ugonjwa au msiba pawe na wa kufika. Sheha anazijua nyumba zake, na kazi hii haimwongezei gharama.

Kuhusu fedha, tunajua jibu litakalotolewa: bajeti haitoshi. Basi tunaomba kwamba katika safari ijayo, orodha ya viongozi wanaofuatana na timu iwekwe juu ya meza moja na orodha ya nyumba za wachezaji, na wanaohusika wazisome zote mbili kabla ya kutia saini.