Kuficha Uso si Kuficha Mtu

Alhamisi moja, wiki ya tatu ya mafunzo yangu kwa vitendo katika kliniki ya unasihi jijini Dar es Salaam, meneja aliniwekea simu ya ofisi mezani. "Wewe ndiye kijana hapa," alisema. "Ukurasa wetu umelala. Uamshe." Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika saikolojia tiba. Nilikuwa nimesoma maadili ya taaluma muhula mzima na kufaulu vizuri. Nikauamsha ukurasa.

Video iliyouamsha ilikuwa ya sekunde 20. Haikuonyesha uso wala kutaja jina. Ilionyesha mikono ya mwanamke imeshika kikombe cha chai, na chini yake niliandika kwamba alikuja kwetu akiwa amechoka kuishi, leo anapanga kufungua biashara. Alikuwa amesaini fomu ya ridhaa. Mioyo myekundu ilimiminika, wafuasi wakaongezeka, meneja akanipongeza mbele ya wenzangu.

Siku ya nne mama yule alipiga simu. Wifi yake alikuwa ameiona video kwenye kundi la WhatsApp la familia na kuitambua mikono: pete, na kovu la mafuta ya maandazi juu ya kidole gumba. Akaituma kwa kaka yake na swali moja: "Huyu si mkeo?" Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, haya niliwaambia ninyi peke yenu." Niliifuta video mara tu alipokata simu. Hakurudi tena kliniki.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengi wanauona mkali: kliniki ya tiba ya kisaikolojia isiposti habari za wateja wake. Uso ukifichwa, hapana. Jina likibadilishwa, hapana. Fomu ikisainiwa, bado hapana.

Nianze na hilo la kuficha. Anayefunika uso wa mteja anamfikiria mtazamaji asiyemjua mteja huyo, na mtazamaji wa namna hiyo hana madhara. Wa kuogopwa ni wifi, mpangaji mwenzake, bosi wake, mwanachama mwenzake wa kikoba. Hao humtambua mtu kwa kanga, kwa kikohozi, kwa namna anavyosema "yaani". Dar es Salaam ina mamilioni ya watu, lakini kila mmoja wetu anaishi kwenye kijiji kidogo ndani yake, na kijiji hicho chote kiko WhatsApp.

Fomu je? Mama yule alisaini mwisho wa kikao cha sita, kalamu akipewa na mnasihi aliyemsaidia kulala usingizi baada ya miezi ya kukesha. Ukitolewa shimoni, huwezi kumnyima aliyekutoa ombi lake dogo. Unaogopa pia, hata kama hakuna aliyekutisha, kwamba ukikataa kikao cha saba hakitakuwa kama cha sita. Ile ilikuwa shukrani iliyotiwa saini, nasi tukaiita ridhaa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa aliyoitoa. Ni haki nzuri. Lakini video ikishasambaa, ataiondoa kwenye simu ngapi? Na kama mteja aliwahi kujaribu kujiua, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Kliniki inayojisifu mtandaoni kwamba ilimpokea mtu baada ya jaribio la namna hiyo inamwandikia ushahidi.

Wanaonipinga wana hoja, na sitaidharau. Wanasema unyanyapaa unaishi gizani. Watu wasipowaona waliopona, wataendelea kuamini kuwa sonona ni uvivu au ni kurogwa. Mmoja alinipiga kwa methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Nakubali. Ila methali hiyo inamwonya mgonjwa asimfiche mganga. Haimtumi mganga kwenda kupiga mbiu sokoni. Aliyepona akitaka kusimulia, asimulie kwenye ukurasa wake, siku anayoitaka yeye, kwa maneno yake, akiwa na uwezo wa kufuta. Wapo wanaofanya hivyo, na ujasiri wao ni mali yao. Sisi tukiuchukua tunaugeuza tangazo.

Na tusidhani siri huvuja kwa video tu. Mtu akiandika maoni chini ya picha yetu, nasi tukamjibu "Karibu tena dada", tumeshatangaza kuwa alikuja. Namba za wateja zikihifadhiwa kwenye simu ileile inayoendesha ukurasa, na programu ikaruhusiwa kusoma orodha ya majina, inaweza kuanza kuwapendekezea wateja wafahamiane. Kibaya zaidi ni hasira. Huko New Jersey, Marekani, kliniki moja ya magonjwa ya akili iliyokuwa imelaumiwa mtandaoni ilijibu kwa kuanika ugonjwa wa mteja aliyelalamika. Mwaka 2023 ilikubali kulipa dola 30,000 kumaliza shauri hilo. Wanaojibu vile ni wataalamu waliosoma, kama sisi, waliochokozwa tu mchana mmoja wakiwa na simu mkononi.

Sisemi kliniki zifunge kurasa zao. Video fupi inaweza kumfikia kijana kwenye daladala anayedhani moyo wake umerogwa, akajua kwamba kuna kitu kinaitwa shambulio la hofu na kwamba kinatibika. Basi tuposti hayo. Tueleze kikao cha kwanza kinakwendaje, kinagharimu shilingi ngapi, mtu ashuke kituo gani. Tuandike wazi kwamba inboksi si mahali pa kuomba msaada wa dharura, na tuweke namba ambayo mtu mzima ataipokea. Maoni ya lawama tuyajibu kwa sentensi moja isiyothibitisha kama mwandishi wake ni mteja. Tukitaka uso, basi tuweke wetu.

Meneja aliniuliza, "Bila shuhuda, nani atatuamini?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ningemwambia: yule anayepitia ukurasa wetu usiku, kidole kikisita juu ya namba ya simu. Akiona mikono ya mwenzake pale, hatajiuliza kama tunaponya. Atajiuliza yake itaonekana lini.

Wewe unayesoma saikolojia, ustawi wa jamii au uuguzi, siku moja utawekewa simu ya ofisi mezani kwa sababu wewe ndiye kijana. Utaambiwa ukurasa umelala. Mimi nilikosa mtu wa kunishika mkono kabla sijabonyeza. Sasa wewe huwezi kusema hukuambiwa.