Misa ya Roma Isitutie Majivuno

Wako ndugu zetu wanaokwenda kusoma Ulaya kwa jasho la wazazi wao, wakarudi na picha nyingi na maneno makubwa. Jumapili wamesali Misa katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Mchana wametembea kutazama magofu ya kale. Hayo si makosa. Kosa ni mtu kurudi kwao akaona haya kupiga magoti parokiani, ati kwa sababu huku twaimba kwa ngoma na kayamba.

Twamwuliza: Misa ya kule ni nyingine? Mwafrika si mgeni katika Kanisa hilo; mwaka 1960 Laurean Rugambwa wa Bukoba alifanywa Kardinali. Na jengo ulilolipiga picha halikushuka toka mbinguni. Lilianza kujengwa 1506, likatabarukiwa 1626. Miaka 120! Walioweka msingi hawakuliona paa.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, alisoma Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Alirudi, na mwaka 1954 TANU ikazaliwa.

Basi vijana, salini, tembeeni, someni. Lakini mkirudi tuleteeni ujuzi wa kujenga, si picha za majengo ya wenzenu.