Karema: asiyeweza kushuka mchangani ataliona ziwa kutoka wapi?

Ukitaja Karema siku hizi mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye bandari. Ni haki yake. Serikali imeweka pale zaidi ya shilingi bilioni 47, na mizigo ya kwenda Kalemie na Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, ndiyo inayolengwa. Sisi tunataka kuuliza jambo dogo kabla zege halijamwagwa kila mahali. Mzee anayetembelea mkongojo, mama anayetumia kiti mwendo na kijana asiyeona watapita wapi wakitaka kukaa jioni kando ya ziwa kama watu wengine?

Tunajua wapo watakaosema hiyo ni anasa, maji ya bomba kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja wazi burudani na mapumziko. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka maeneo ya umma yafikike. Na asiyeona naye anakwenda ziwani kwa sababu zake: upepo, sauti ya mawimbi, harufu ya dagaa, stori za watu.

Wengi tunadhani ufukwe ndio mahali rahisi pa kuwapeleka watu wenye ulemavu, na kwamba sehemu ya juu yenye ukingo ni ya hatari. Mara nyingi ni kinyume chake. Mchanga ndio adui mkubwa wa kiti mwendo. Magurudumu ya mbele yanazama na anayesukuma anachoka ndani ya hatua kumi. Mkongojo nao unazama. Juu ya ukingo, kama ardhi ni tambarare na imeshindiliwa, mtu anasafiri bila kushuka wala kupanda, na maji anayaona yote.

Mfano mzuri uko Mombasa, nchini Kenya. Eneo la Mama Ngina liko juu ya mwamba wa matumbawe, karibu na kivuko cha Likoni, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita chini yake. Kwa miaka mingi familia zimekwenda pale jioni kula mihogo na kunywa madafu chini ya mibuyu. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipakarabati, pakawekwa njia za kutembea zenye sakafu na sehemu za kukaa, na sherehe za Siku ya Mashujaa za mwaka huo zikafanyika hapo. Anayetaka kuiona bahari halazimiki kuteremka hadi majini.

Karema nayo ina mahali pake pa juu. Wabelgiji walipojenga kituo chao mwaka 1879 walichagua kilima kilichokuwa karibu kabisa na maji. Baadaye ziwa liliwakimbia. Maji yalikuwa yamepasua njia kupitia Mto Lukuga, upande wa Kongo, na kina kikashuka kwa mita kadhaa hadi kilima kikabaki mbali na ufukwe. Kituo kikakabidhiwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885, na hadi leo ni misheni. Kwa hiyo mtu hawezi kuchora njia pale bila kuzungumza na misheni kwanza.

Historia hiyo ina funzo la kihandisi. Ziwa hili halitulii. Miaka ya karibuni limepanda tena, na watu wa Bujumbura wameona maji yakiingia mitaani. Njia ya kutembea ikijengwa chini ufukweni inaweza kumezwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Juu ni salama zaidi, hata kwa sababu ya mamba na viboko.

Gharama je? Hapa ndipo wengi wanaogopa bure. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila mita 1 ya kupanda inahitaji mteremko wenye urefu wa mita 12. Ukingo wa mita 2 unadai njia ya mita 24, pamoja na sehemu bapa ya kupumzikia kila baada ya mita 9 hivi. Upana wa mita 1 na nusu unatosha kiti mwendo kugeuka. Moramu ikishindiliwa vizuri na mifereji ikichimbwa, kazi inakwenda. Upande wa bondeni weka ukuta mfupi au nguzo zenye kishikio, na chini yake kizingiti ambacho fimbo nyeupe itakigusa. Kinachogharimu ni kubomoa ngazi ambazo tayari zimejengwa. Na mama mwenye toroli la samaki atapita hapo hapo, bila shaka wa kwanza kabisa.

Pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hoja ikipita na kuandikwa kwenye muhtasari, diwani anaipeleka Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika. Muulize mwenyekiti wako tarehe ya mkutano ujao. Na kama jirani yako hawezi kutembea, uliza pia mkutano wenyewe utafanyikia wapi, maana tumeona mikutano ya kujadili ulemavu ikiitishwa kwenye vyumba vyenye ngazi sita.