Penye Udhia Tusipenyeze Rupia



Iko methali moja ambayo Wakristu wengi wa Kalemie huishika kuliko Amri Kumi za Mungu: Penye udhia penyeza rupia. Rupia zenyewe zilikwisha zamani, siku hizi ni falanga na dola, lakini methali ingali hai. Kijana akikamatwa mchana, kabla jua halijachwa mama yake amekwisha kuuliza, “Wanataka kiasi gani?” Haulizi mwanawe amekosa nini. Haulizi ni nani aliyetoa amri ya kumkamata. Auliza bei tu, kama mtu anayeuliza bei ya ndagala sokoni. Nasi majirani twatia mikono mifukoni, twachanga, twapeleka, na kijana akitoka twasema, “Mungu asifiwe.”

Leo twataka kusema wazi kwamba desturi hii ni mbaya. Haimwokoi aliyekamatwa, yamfilisi maskini, na yamfungulia mwovu mlango. Mlango wa buloko sharti ufunguliwe kwa sheria, na mtu wa kutusaidia kuufungua ni avoka, yaani mwanasheria ambaye kazi yake ni kutetea watu.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu wengine. Sisi wenyewe tumekosa, na afadhali tuungame mbele yenu.

Miaka michache iliyopita mvuvi mmoja wa jumuiya yetu alichukua nyavu kwa mkopo, akaahidi kulipa kwa siku iliyoandikwa. Upepo ukavuma wiki nyingi, mavuno ya ziwa yakawa haba, siku ikafika, deni likabaki. Basi akashikwa na kutiwa buloko. Katika karatasi hawakuandika “deni”, waliandika kwamba amekula mali ya amana, kwa maana deni si kosa la kumfungia mtu, bali kula amana ni kosa. Jumuiya nzima ikachanga. Na ni nani aliyebeba bahasha? Ni sisi, walimu wa dini, tunaofundisha watoto amri ya saba! Mvuvi akatoka usiku ule ule. Hatukupewa risiti, wala hati, wala neno lolote lililoandikwa. Tukaimba njia nzima.

Kumbe faili lilikuwa lingali sandukuni, na hati ya kumkamata ndani yake. Baada ya miezi minne afisa mwingine alilifungua sanduku lile, akaliona jina lile, akamshika mvuvi yule yule pwani, alipokuwa akishusha samaki. Safari hii bei ilikuwa maradufu. Sisi hatukuwa na kitu tena. Ni ukosefu wetu wa fedha, si wema wetu, uliotupeleka kwa avoka.

Avoka alituuliza mambo matatu: amefungwa siku ngapi, je, amefikishwa mbele ya mwamuzi, na ile karatasi ya mkopo iko wapi. Hatujawahi kuulizwa maswali hayo na mtu yeyote. Akaenda akalisoma faili, akaandika barua kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, tuiitayo parke, akaonyesha kwamba nyavu zilikopeshwa wala hazikuwekwa amana. Siku ya tatu mvuvi akatoka mchana kweupe, na mkononi ana hati yenye muhuri. Deni lake alilipa polepole kwa mapatano yaliyoandikwa, kama ilivyopasa. Hebu fikirini: zile fedha za kwanza zilinunua nini? Zilinunua miezi minne tu. Uhuru hazikuununua, kwa kuwa aliyezipokea hakuwa na uhuru wa kuuza.

Hapo ndipo ulipo ujinga wetu mkubwa. Twadhani hati ya kukamata ni mbwa anayenyamaza akitupiwa mfupa. Sivyo. Hati haifi kwa bahasha, wala haifi kwa kukimbia. Wako wanaosikia jina lao limetajwa parke, nao wapanda mtumbwi usiku kwenda Moba, au wavuka ziwa mpaka Kigoma, wakae huko hadi maneno yapoe. Maneno hayapoi. Huku nyuma mke anashikwa, au mdogo wake anashikwa, “mpaka mwenyewe atokee.” Jambo hilo ni haramu kabisa. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 18 Februari 2006 chasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa, kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mwenzake. Lakini ni nani atakayelisema neno hilo kituoni, ikiwa mwenye kesi amekimbia na sisi tuliobaki twahesabu noti?

Anayetafutwa njia yake ni moja: aende mwenyewe, mchana, pamoja na avoka. Anayejipeleka ameonyesha kwamba hana nia ya kutoroka, na hofu ya kutoroka ni mojawapo ya sababu kubwa za kumweka mtu ndani. Avoka ataomba aonyeshwe shtaka, atajibu, ataomba faili lifungwe kama halina msingi. Na kama lina msingi, ataomba mtu wake ajibu kesi akiwa nyumbani kwake.

Tena zisikilizeni haki ambazo kila mmoja wetu angepaswa kuzijua kama ajuavyo Baba Yetu. Kifungu kile cha 17 chaweka kwamba uhuru ndio kanuni, na kifungo ni kwa nadra. Kifungu cha 18 chasema kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, na aruhusiwe papo hapo kupata habari na jamaa zake au mtetezi wake. Polisi hawana ruhusa ya kumweka kupita saa 48. Zikiisha, wamwachilie, au wampeleke kwa wakubwa wa sheria. Kifungu cha 19 champa haki ya kuwa na mtetezi tangu mahojiano ya polisi, si siku ya hukumu peke yake.

Na akifika parke? Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo ni ya tarehe 6 Agosti 1959, yaagiza kwamba aliyetolewa hati ya kufungwa kwa muda afikishwe mbele ya mwamuzi kwa siku 5, ikiwa mwamuzi yuko mji ule ule. Mwamuzi akikubali afungwe, ruhusa yake ni ya siku 15. Kisha yaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi, lakini si bila mwisho na si bila mwamuzi kutazama tena. Mwamuzi aweza pia kumwachilia kwa dhamana. Dhamana si rushwa: yawekwa kwa karani wa mahakama, ina risiti, na mtu akitimiza masharti hurudishiwa. Vivyo hivyo ziko faini halali kwa makosa madogo. Alama ya kuzitambua ni nyepesi: kilicho halali kina risiti, kilicho haramu kina bahasha.

Sasa twajibu wale wanaotupinga, kwa maana wako, na baadhi yao ni watu wema.

Wa kwanza wasema, “Avoka ni wa matajiri.” Neno hili latuuma, kwani lina ukweli ndani yake. Avoka anakula, ana watoto, na kazi yake ina malipo. Lakini sheria ya mawakili ya mwaka 1979 yaliagiza baraza la kila chama chao kuwa na ofisi ya kuwasaidia bure wasio na uwezo. Je, tumekwenda kuuliza? Tena hesabuni zile bahasha za mwaka mmoja katika mtaa wenu, bahasha baada ya bahasha. Maskini hana fedha za avoka, lakini kila mwaka anazipata za kuhonga. Ajabu gani hii?

Wa pili wasema, “Mwenye nguvu mpishe. Mkristu huvumilia, hashindani na Serikali.” Hao twawaomba wafungue Matendo ya Mitume. Paulo kule Filipi alipigwa na kufungwa bila hukumu. Kesho yake wakubwa wa mji wakataka atoke kimya kimya. Alikataa! Alidai waje wenyewe wamtoe, kwa sababu walimpiga raia wa Roma pasipo kumhukumu, nao wakaja na hofu yao. Kule Yerusalemu alipofungwa kamba apigwe mijeledi, alimwuliza akida kama sheria yaruhusu. Na kule Kaisaria liwali Feliksi alikuwa akimwita mara kwa mara, akitumaini kupewa fedha. Paulo hakumpa. Mtatuambia kwamba kwa ajili hiyo alikaa kifungoni miaka miwili, nasi twakiri: ndiyo, haki yaweza kuchelewa, na kuchelewa kwake ni mateso. Lakini Paulo alitoka Kaisaria kwa kukata rufaa kwa Kaisari, hakutoka kwa kununua mlinzi. Basi, kudai sheria si kiburi. Mtume alifanya hivyo.

Wa tatu ni wazee wetu wenye kumbukumbu. Wasema, “Mbona mapadre wa kwanza, kule Mpala, walitoa mali kuwakomboa watumwa? Nasi twawakomboa watoto wetu.” Ni kweli, Mapadre Weupe waliofika Mpala mwaka 1885 walikomboa watumwa kwa mali, na wengi katika ukristu wa ziwa hili ni wajukuu wa waliokombolewa. Lakini wazee wetu, msafara wa watumwa haukuwa na mwamuzi wa kukimbiliwa. Mwenye minyororo alimhesabu mtu kuwa mali yake. Je, mtoto wako aliyeko buloko ni mali ya afisa? Unapomnunua unakubali kwamba ndiyo. Waliokombolewa Mpala walikombolewa ili pasiwe tena bei ya mtu. Sisi wajukuu twairudisha bei ile kwa mikono yetu.

Tena liko jambo baya kuliko yote, nalo twaomba kina baba walisikie vizuri. Njia inayomtoa asiye na kosa kwa fedha ndiyo inayomtoa mwenye kosa. Mtu amemharibu binti wa jirani. Asubuhi ameshikwa, jioni jamaa zake wamekuja na mbuzi na noti, wakubwa wa familia mbili wamekaa, wamepatana, na mtu huyo aonekana sokoni kabla binti hajapona. Sheria za 20 Julai 2006 zimekataza kesi ya namna hiyo izimwe kwa faini ya kupatana. Lakini kituo tulichokizoeza kula bahasha zetu za huruma, kitakataaje bahasha ya mbakaji? Tulimfundisha sisi aliyepokea, na mwanafunzi wetu ameelewa somo.

Kwa hiyo hatutafuti avoka ili wahalifu waponyoke. Avoka hafuti kosa. Kazi yake ni kwamba asiye na kosa asifungwe, na mwenye kosa ahukumiwe kwa haki, baada ya kusikilizwa, kwa adhabu iliyoandikwa. Wala hatusemi kwamba kila polisi ni mwizi. Wako wanaofanya kazi kwa uaminifu na mshahara mdogo, na wengine twapokea nao Komunyo. Hao nao twawasaidia tukikataa kuwajaribu, kwani sheria ya adhabu humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea.

Basi tufanye nini? Twaleta mashauri manne kwa kila jumuiya.

Kwanza, kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kwenda kituoni siku ile ile mtu anapokamatwa. Waulize kwa heshima, waandike: ameshikwa saa ngapi, kwa kosa gani, kwa amri ya nani. Saa 48 haziwezi kuhesabiwa na mtu asiyejua zilianza lini.

Pili, tuwafundishe watu wetu wasitie sahihi maandiko ya mahojiano wasiyosomewa kwa lugha wanayoielewa, na wasisahau kusema, “Namtaka mtetezi wangu.”

Tatu, ile michango yetu ya bahasha iwe sanduku la parokia, lenye daftari na watunzaji, kwa ajili ya malipo ya avoka, dhamana yenye risiti, na chakula cha wafungwa. Kila mtu hapa ajua kwamba mfungwa asiye na jamaa hulala na njaa.

Nne, anayetoka asitoke bila hati. Aulize: faili limefungwa, au nimeachiliwa kwa muda? Hati ya kunikamata imeondolewa? Anayetoka bila karatasi hajatoka, ameazimwa tu.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ulihesabu kufungwa kwa watu pasipo haki miongoni mwa mambo ya aibu yanayomvunjia Muumba heshima. Nasi siku ya mwisho tutaulizwa juu ya wafungwa, Bwana mwenyewe ametuonya hivyo. Hatutaulizwa tulitoa bahasha ngapi. Tutaulizwa kama tulikwenda kumwona. Twendeni basi, lakini safari hii tusiende usiku na noti mfukoni. Twende mchana, Katiba mkononi, na avoka pamoja nasi.