Mpango wa kijiji uanzie kijijini

Serikali ilipozindua mwaka wa 1983 sera ya kuipa wilaya usukani wa maendeleo ya mashambani, wananchi walitarajia kusikizwa. Lakini maamuzi yalibakia mikononi mwa maofisa, naye mwanakijiji akaitwa kuchanga na kupiga makofi.

Leo sheria iko upande wake. Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya jamii kusimamia mambo yake na kujiendeleza. Kaunti ya Makueni imeonyesha njia: mikutano huanzia vijijini, kisha mapendekezo hupanda hadi wadi na kaunti.

Kwingineko, naona mwananchi akiitwa wakati bajeti imekwisha kuandikwa. Huko si kushauriwa, ni kuarifiwa. Kila kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa mwaka ufuatao kufikia Septemba 1. Basi wanakijiji wasingoje kualikwa. Wakutane mapema, waamue kipi kitangulie, kisima au zahanati, wayaandike na kumkabidhi mwakilishi wao wa wadi. Kisha wamdai jibu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ofisa wa mjini atajuaje mto unaowatenga watoto na shule yao?